Siku Tuliyompigia Askari Vugo

Wanaume walikuwa wameshaziona picha zinazokwenda, wakarudi majumbani na maneno mengi kuliko picha zenyewe. Kila mmoja na hadithi yake. Sisi wanawake tukawa twasikiliza tu, mpaka mwenye mashine, Muhindi aliyekodi ghala karibu na forodha, akapiga hesabu kichwani akaona nusu ya mji bado haijamlipa. Akatangaza: Alkhamisi alasiri ni ya wanawake watupu. Mwanamume hatii mguu, hata mpiga muziki.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Picha zile zilikuwa bubu. Watu wafungua vinywa, sauti hakuna, kama samaki sokoni. Siku za wanaume walikuwako Wagoa wawili na fidla zao, wakipiga penye mbio na penye machozi. Siku yetu Wagoa ni haramu. Basi mkewe mwenye mashine akaja mtaani kwetu Kibokoni kwa mkubwa wetu wa vugo, mama mmoja mpana, jirani yetu ukuta kwa ukuta, akamwambia njooni nyinyi mpige.

Vugo ni pembe za nyati, wazigonga kwa kijiti, na kazi yake ni moja: harusi. Mkubwa wetu akauliza, "Picha yenyewe ya nini?"

"Ya polisi," akasema yule mama wa Kihindi. "Iko polisi moja muzuri, iko polisi moja mukubwa, hii nakula mlungula."

Macho yote yakaelekea dirisha letu, kisha yote yakarudi haraka, kama yaliyoungua.

Nieleze. Dadangu alikuwa mke wa askari. Mumewe alikuwa akifanya kazi karakoni, kwenye kituo cha polisi, na mwaka uliotangulia zikapotea fedha walizokamata kwa wezi. Mkubwa wake akasema ni yeye, akafukuzwa. Hakufungwa, lakini kwetu kufukuzwa na kufungwa ni ndugu wa baba mmoja. Homa ikamchukua kabla hajasafisha jina. Dadangu akakaa eda, akatoka eda, na ile sauti yake ya kusikika mtaa mzima hakutoka nayo. Na zamani, harusi asiyokuwako dadangu tukiiita hitima! Hapakuwa na mkono kama wake katika vugo.

Hakuna aliyemtukana, la. Ila akivaa bangili, mtu atamuuliza kwa upole kabisa, "Hii mwanangu ilinunuliwa lini?"

Basi akaandika kwa mjomba wetu, akafunga sanduku. Mwezi ukiandama aenda Lamu, na alisema waziwazi kwamba hatarudi. Mimi mamangu alikufa ningali nanyonya. Aliyenisuka nywele, aliyeniogesha, aliyenifunza kujibu watu wasinitie mfukoni, ni yeye. Akiondoka nabaki na babangu, mtu mwema, lakini ukimchekesha huuliza kama alasiri imeshaadhiniwa.

Siku ile nikamwambia, "Dada, njoo unishikie buibui. Mimi nitakuwa na pembe mikononi."

"Buibui lako lina miguu, litatoroka?"

"Likianguka, babangu atanichinja."

"Atapata kisu wapi, yule? Hata kuku huchinjiwa na jirani."

Lakini akaja. Akakaa nyuma kabisa, ukutani, karibu na mlango.

Ghala lilijaa hadi watoto wakapakatwa wawili wawili. Mashine ilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, imetoa pua tu kwenye tundu, na Muhindi upande wa pili anauzungusha mkono wa mashine. Taa zikazimwa, wanawake wakapiga ukelele, na hao, watu weupe wakatembea juu ya shuka lililotundikwa mbele.

Kila baada ya muda watu wale huondoka shukani, huja maandishi ya Kizungu. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, na kidogo kwa bibi mmoja Mzungu aliyetufunza kushona na herufi. Herufi nazijua, lakini zikishikana zanishinda. Watu hawakulijua hilo, wakanipigia kelele, "Yasemaje? Wewe msomi, yasemaje?"

Ningefanyaje? Mkubwa wa polisi, mwenye masharubu kama pembe za mbuzi, alikuwa akipokea mfuko chini ya meza. Nikasoma kwa sauti, "Yasema: Leta upesi, mke wangu ataka kanga za Idi."

Ghala zima likacheka. Kila maandishi yakija, nasoma uwongo mpya, na vugo letu lapigwa kwa furaha, polisi wakikimbia, polisi wakikaa, kwetu ni harusi tu. Katika picha mlikuwa na kijana mmoja askari, mwenye mke na mtoto. Aliuona ule mfuko. Yule mkubwa akamtilia kijana fedha ndani ya koti lake, kisha akaita watu. Wakamshika. Wakampitisha njiani, huku askari, huku askari, na kundi la watu nyuma yake.

Sasa wewe nambie. Mwanamume amevaa vizuri, ameshikwa huku na huku, anatembea pole pole ameinamisha uso, na watu tele wamfuata. Huyo kwetu ni nani? Mkubwa wetu hakungoja. "Haya, bwana harusi yuwaja!" Vugo likalia la kumpeleka bwana kwa bibi, upatu, sinia yetu ya shaba, ukalia, vigelegele vikapaa juu ya dari. Tulimsindikiza kijana wa watu gerezani kama tunampeleka fungate.

"Nyamazeni!"

Sikuijua sauti ile mara moja, kwa muda mrefu niliokosa kuisikia ikipazwa. Dadangu alikuwa amesimama, buibui langu limemwanguka miguuni.

"Huyo hapelekwi harusini. Yuwaenda kufungwa, na hakufanya kitu."

Vijiti vikasita. Ikasikika mashine peke yake, trrrr, na mtoto mmoja akikohoa. Mkubwa wetu akasema, na sauti imempungua, "Mwanangu, sisi twajua la harusi tu. Tupige nini?"

Dadangu akapita katikati ya watu, akakanyaga vidole vya wengi bila ya kusema samahani. Akanipokonya pembe, akakaa. Akagonga mara moja. Kimya kidogo. Akagonga tena.

Nikaujua mwendo ule. Shemeji yangu alikuwa na mguu mmoja mzito, na akirudi kutoka zamu dadangu alimtambua tangu kona ya kichochoro: tok, kimya kidogo, tok. Kisha huniambia, "Pakua wali, yuwaja." Kijana juu ya shuka alikuwa akitembea kwa mguu wa shemeji yangu, na majirani waliokuwa wakiusikia miaka yote wakawa hawatazamani.

Yakaja maandishi. Safari hii walioniuliza waliuliza kwa kunong'ona. "Yasemaje?"

Nikayatazama. Kulikuwa na herufi ya A, na nyingine kama ndoano.

"Yasema," nikawaambia, "Sikuchukua kitu cha mtu."

Dadangu alinigeukia. Yeye ndiye pekee katika ghala aliyejua usomi wangu unaishia wapi. Akairudia pembe, akagonga.

Tangu hapo picha ikawa yake. Alimwonyesha mwenye upatu akwaruze kijiti ndani ya sinia, kri kri kri, kama fedha ndani ya mfuko, kila yule mkubwa alipotokea. Baadaye mkubwa akaenda nyumbani kwa mke wa kijana, amevaa uso mkunjufu, anacheka, amemletea mtoto tamutamu. Ukitazama kwa macho, ni ami mwema amekuja kuliwaza. Lakini chini ya kicheko chake, kri kri kri. Hapo nikafahamu Wagoa walikuwa wanalipwa kwa nini. Jicho lilikuwa lataka kumwamini, sikio likakataa.

"Usile, mwana! Usile!" akalia bibi mmoja, na kiatu chake cha mti kikaruka kikampata mkubwa wa polisi kwenye masharubu. Muhindi akapiga mayowe kwa sababu ya shuka lake.

Mwisho fedha zilionekana kwa mwizi, masharubu yakafungwa pingu, na mlango wa gereza ukafunguliwa. Kijana akatoka. Mkewe akamkimbilia.

Mkubwa wetu aliinua kijiti, safari hii kwa haki kabisa, akakiacha hewani. Alimtazama dadangu. Sote tulimtazama. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya pembe. Mume na mke wamekumbatiana juu ya shuka na hapana anayewapigia hata kofi.

"Pigeni," dadangu akasema. "Mwenzangu amerudishiwa wake."

Tukapiga. Yeye hakupiga. Alikaa katikati yetu na machozi yanamtiririka, hayafuti, na mkubwa wetu akapiga kwa mkono mmoja, wa pili amemshika bega.

Nje jua lilikuwa kali bado. Mkubwa wetu akatuandama mpaka Kibokoni, anahema, na kila hatua anafungua mdomo anaufunga. Mlangoni akaweza.

"Mwanangu, tulisema maneno juu ya marehemu."

"Mlisema," akajibu dadangu.

"Hayakuwa ya kweli."

"Hayakuwa."

Akamwacha asimame na hilo, na mimi nikaona ni haki yake. Kisha mama yule akasema, huku anatazama kizingiti, kwamba Jumapili pana harusi mtaa wa Kuze, na bibi harusi ni mjukuu wake, na kama dadangu atakuwa bado hajasafiri, aje apige.

Dadangu akavua ushungi polepole.

"Wapigaji wako wapiga vugo kama watwanga mpunga," akasema. "Waje kesho baada ya adhuhuri. Wote. Na huyu wangu wa mbele kabisa, maana ndiye aliyezidi kutwanga."

"Mimi?" nikasema. "Mimi nilikuwa nasoma!"

"Ingia ndani," akaniambia, "unifungulie sanduku, uzitundike nguo zangu. Zitaoza humo."