Wiki Tuliyomnywesha Sitwayeni

Sisi tuliokulia Kikula wakati ule, wakati hakuna aliyeruhusiwa kuitwa bwana wala bibi na kila mtu mzima, kwa amri ya serikali, alikuwa sitwayeni, yaani raia, bado tunazo puani asubuhi zile. Moshi wa makala, yaani makaa, bukari ya jana, ugali wetu, ikipashwa moto, vumbi jekundu lililolowa umande, na vibanda vya nguruwe nyuma ya nyumba. Msicheke. Kwetu harufu ile ilikuwa Noeli inakuja.

Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Nguruwe wetu jike alimleta kutoka Kapolowe juu ya lori la makala, kafungwa miguu, na nasikia alipiga kelele njia nzima mpaka dereva akaomba ashushwe. Baba alimwita Sitwayeni. Mama hakulipenda jina hilo hata kidogo.

“Batakusikia, Papa Ilunga,” alimwambia. “Batasema unachekelea serikali.”

“Naye si amezaliwa hapa katika inchi?” Baba akajibu, akaendelea kukoroga pumba.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi Sitwayeni alipozaa watoto tisa. Tisa! Mimi na kaka yangu Ilunga tulikimbia nyumba kwa nyumba kutangaza. Walikuwa wa waridi, laini kama sabuni iliyotumika, na kila mmoja alichagua chuchu yake akaipigania kama mtu aliyewahi kiti kanisani. Nilitaka kujua kila kitu: kwa nini wa nyuma ni wadogo, kwa nini mama yao anaguna anaponyonyesha, na kama ananijua mimi. Nililala nikiwahesabu.

Lakini mwezi ule ulikuwa wa joto kali kabla ya mvua, na kufikia siku ya tano Sitwayeni alibaki ngozi na mifupa. Nyonga zilichomoza kama mpini wa jembe. Tulimpa pumba za mahindi, masalia ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, maganda ya viazi vitamu, hata makombo ya bukari aliyoacha Baba makusudi kwenye sahani. Alinusa, akalaza kichwa. Watoto walivuta chuchu, hazikutoa kitu, nao wakalia mchana kutwa hadi sauti zikakauka. Mmoja akafa. Tulimzika mimi na Ilunga chini ya mpapai.

Baba alisimama mlangoni mwa kibanda, akamtazama Sitwayeni alivyolala.

“Siku ya yenga tutamuchinja,” alisema. “Tusingoje akauke yote. Angalau nyama kidogo ipatikane.”

Siku ya yenga ni Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Niliuliza watoto wanane watanyonya nani. Baba alikwenda kumwagiza mchinjaji.

Alhamisi sikwenda shuleni. Niliaga kama kawaida, nikazunguka nyuma ya ua, nikaingia kibandani na kukaa naye. Joto la mabati lilikuwa la kuoka mkate. Sitwayeni alipumua mdomo wazi, nami nikamwonea huruma ya mtu mwenye homa. Mama alikuwa ameacha beseni la maji aliyosuuzia mchele. Nililibeba ili nimlowanishe mgongo, kama Mama alivyotufanyia sisi tukiugua malaria.

Sikufika mgongoni. Yule aliyeshindwa kuinua kichwa kwa siku mbili aliinuka kwa miguu ya mbele, akatumbukiza pua, akanywa. Alikunywa kwa sauti ya bomba linalofyonza, hadi chini, akalamba bati, kisha akalisukuma beseni kuelekea kwangu. Nilitoka mbio na beseni kichwani.

Pale robine, lile bomba moja la maji la mtaa wetu, kina mama walikuwa wamepanga ndoo zao. Mbele alikuwa jirani yetu Mama Mwape, mwenye mdomo usiopumzika.

“Weye mutoto, masomo leo iko hapa kwa robine?”

“Ni maji ya nguruwe, Mama Mwape. Iko na kiu.”

“Bantu banasimama mustari, na nguruwe ipite mbele?” Wote wakacheka. “Minye nimezaa saba, hakuna mutu aliniletea beseni.” Kisha akavuta ndoo yake pembeni. “Haya, jaza. Anayenyonyesha anakunywaka sana, hata kama ni nguruwe.”

Nilirudi mara nne. Mara ya tano Mama alinikuta, mikono kiunoni. Nilidhani fimbo inakuja. Alitazama beseni tupu, akamtazama Sitwayeni, akakaa juu ya kinu.

“Kwetu kijijini zinatembeaka zenyewe,” alisema polepole. “Zinakunywa kwa mutoni. Hakuna mutu anazipelekeaka maji.”

Ndivyo ilivyokuwa. Wazazi wetu wote walikulia na nguruwe wanaozurura, na hawakuwahi kumwona mtu akimnywesha. Mjini tuliwafungia, kwa kuwa wakuu wa mji walikataza kuzurura, tukawaletea chakula, na hakuna aliyekumbuka kwamba mto haukuja pamoja nao.

Jioni ile tulimlainishia pumba kwa maji hadi zikawa uji. Akala. Ijumaa chuchu zilijaa kidogo. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka njia, mtaa mzima, uliokwisha kusikia habari kwa Mama Mwape, ulituletea mafungu ya lengalenga, ule mchicha wa porini, waliyong’oa mitaroni. Baba aliporudi kutoka kazini alimkuta Sitwayeni amesimama, watoto wanane wamening’inia, maziwa yakiwatoka pembeni mwa midomo. Alivua kofia ya kazi. Alimtuma Ilunga kwa mchinjaji kumwambia asije, kisha akachukua beseni yeye mwenyewe, akaenda kupanga mstari na kina mama.

Shuleni nilichapwa kwa utoro ule, na sikujuta. Miaka miwili baadaye niliacha kabisa. Nimetembea Kolwezi, Kasenga, Mulungwishi, nimeuza samaki na kubeba matofali, na kila nilipofika nilichungulia vibanda vya watu kuona kama nguruwe wana maji.

Vijana wa sasa ni wajuzi. Juzi mmoja aliniuliza jinsi ya kunenepesha nguruwe, na kabla sijamaliza kusafisha koo alikuwa amekwisha kusoma jibu kwenye simu yake, akanishukuru. Ana kibanda cha saruji na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Nguruwe wake akikonda, jirani atajua siku atakaponusa mzoga. Enzi zetu hatukuwa na ukuta, na Sitwayeni alipomeza tonge la kwanza, nilimsikia Mama Mwape kutoka ng’ambo ya njia akiuliza, “Amekula?”