Chupa Mbili Juani

Siki ikimwagika jikoni mwangu, hadi leo pua hunirudisha uani kwetu Gongoni. Hapo, juu ya jiwe la kufulia, nilipanga chupa mbili za achari, nikimwomba Mungu moja ipate joto kuliko mwenzake.

Mwalimu wetu wa sayansi alitaka mwanafunzi mmoja wa kwenda mashindanoni Kilifi, na roho yangu yote ilikuwa huko. Chupa ya kwanza itie siki na magadi, alitwambia. Povu likitulia, gesi ya kaboni imejaa, izibe isitoroke. Ya pili ni hewa tu, iache wazi. Zianike, kila moja na kipimajoto chake ndani. Yenye gesi itashinda, maana gesi hiyo hushika mionzi ya joto.

Nikazianika, nikaenda zangu chuoni kusoma Kurani. Bibi, mzaa mama, alipita uani akaona chupa imeachama. Kwake yeye chombo kilichoachwa wazi ni mlango wa shetani. Hata mtungi mtupu aliufunika. Akasema bismillahi, akaifunika kwa kisahani cha kioo.

Niliporudi, vipimajoto vilikuwa sawasawa.

"Bibi! Umeniharibia!"

"Yarabi, mjukuu wangu! Mie nimeona chombo ki wazi tu."

Kesho yake nilieleza darasani kila kitu, na kisahani pia. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wewe na bibiyo rudini jikoni," akasema mwalimu, na Kilifi akaenda mwengine. Nililia, siwafichi. Tangu hapo bibi hakugusa kitu changu bila ya kuuliza, "Hiki nikifunike, au nitakuharibia?"

Baadaye, chuo kikuu, nililiona jaribio lenyewe: bomba la gesi lenye madirisha ya chumvi, kwa kuwa kioo humeza mionzi ya joto kabla haijaifikia gesi, na chumvi huipitisha. Mimi, mtoto wa Gongoni kuliko na malundo ya chumvi, nikacheka peke yangu. Gesi hushika joto, kweli, lakini si katika chupa za achari. Huko kilichofanya kazi ni kizibo, kikizuia hewa ya moto isitoke. Aliyekwenda Kilifi alipeleka kizibo. Jaribio la haki, chupa zote mbili zimefunikwa, lilifanyika uani kwetu tu.

Nilitamani kumwambia bibi. Alikuwa ameshazikwa, naye alikwenda akiamini kwamba aliniharibia.