Machicha kwenye Giaboksi

Oili ya giaboksi ikizeeka hunuka yai viza na moshi wa kibatari. Mimi harufu hiyo naipenda, mnicheke mkitaka. Juzi hapa Mtwara, fundi alipofungua nati ya chini ya gari langu na oili nyeusi ikashuka kwenye karai, nilifumba macho nikajiona mtoto tena kwetu Palma, Msumbiji, kwenye gereji ya baba, pengo la meno ya mbele likiwa wazi. Nilipofumbua, mama alikuwa kando yangu amekalia ndoo. Alichovya kidole kwenye karai, akakinusa kama anavyonusa samaki wa jana, akasema hii haina neno. Hapo nikaamua kumuuliza jambo nililokaa nalo tangu utoto.

Baba yangu alikuwa fundi, na ufundi wake sitausengenya. Alinifundisha kusugua oili kati ya vidole viwili: ikiteleza, gia ni nzima, ikimeremeta chenga za chuma, meno yanalika. Alinionyesha nati ya ubavuni, kwamba oili mpya hutiwa hapo mpaka ianze kumwagika yenyewe, basi, usiongeze. Kwa vyuma alikuwa na mkono mwepesi. Watu ndio hakuwaonea huruma.

Gari lenyewe, pikapu, lilikuwa la mama. Watu wa gesi walipokuja kupima njia yao, minazi aliyorithi kwa bibi ilikatwa yote, na fidia yake ndiyo ikawa gari. Palma siku zile kila mwenye magurudumu manne alikuwa akingojea kambi ya wageni imkodi. Lakini baba alishaoa mke wa pili huko Nhica do Rovuma, na gari la mama ndilo lililobeba mbao za nyumba ya mke mwenziwe. Lilikokotwa mchangani kwa gia ya kwanza msimu mzima, oili ile ile, mpaka likawa linalia kama mbuzi aliyekamatwa mguu. Mama alipodai gari lake, alipewa talaka.

Wazee wakakaa. Mzee Shaibu, mjomba wake mama, ndiye aliyetamka suluhu: baba atengeneze gari alirudishe zima, mimi nibaki kwa mama, na mambo hayo mawili yafungwe siku moja. Upande mmoja ukikataa lolote, suluhu imevunjika, na baba atanichukua nikaishi Nhica. Mama aliafiki kwa shida. Baba aliafiki upesi mno.

Giaboksi ilitaka beringi mpya, nazo zilikuwa zikipatikana ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania. Baba hakuvuka. Alinituma kwa mama nikaombe machicha ya nazi, eti ya bata wa mke mdogo. Mama akanijazia beseni, akasema nimwambie mwenye bata aangalie wasije wakavimbiwa. Kesho yake niliyakuta machicha yameanikwa juu ya bati pale gereji. Baba akayatwanga, akayavuruga na grisi nzito, akaanza kuyasokomeza kwa kijiti kwenye ile nati ya ubavuni. Nilipouliza, akasema ni dawa ya gia, akanipa kijiti na mimi nisokomeze. Nilijiona fundi kamili.

Siku ya kukabidhiana walitandika mkeka mbele ya nyumba ya Mzee Shaibu. Baba alizunguka uwanja mara kadhaa, akaingiza gia moja baada ya nyingine, na gari halikulia hata kidogo. Wazee wakaridhika.

"Pronto, tayari," baba alisema. "Kaixa ya gia nzima hiyo. Asikilize mwenyewe."

Mama akasogea, akainama ubavuni mwa gari, akakaa hivyo kitambo. Alipoinuka alinitazama mimi usoni, kisha mikononi. Halafu akawageukia wazee.

"Nimepokea."

Kambi ikampa mama safari ya majaribio, kuchukua mizigo bandarini Mocímboa da Praia. Kaka yake, mjomba Anlawi, alishika usukani, mimi nikakaa katikati yake na mama. Tulipokaribia kijiji cha Mute ikaja harufu ya wali uliosahauliwa jikoni. Mjomba akauliza nani anapika. Mara chini ya miguu yetu kitu kikapasuka, magurudumu ya nyuma yakakwama, tukaserereka mpaka kwenye mihogo ya watu. Giaboksi ilikuwa imepasuka tumbo, oili imetapakaa njiani, na ndani yake uji mweupe. Kuku wa Mute wakaja kudonoa.

"Mama," nilisema mbele ya watu wote waliokusanyika, "dawa ya baba imemwagika."

Kicheko chao kilifika Palma kabla yetu. Kambi ikakodi pikapu nyingine, ya shemeji yake baba, kaka wa yule mke wa Nhica, ambayo ilikuwa imeshaoshwa inangoja. Baba alikuja na pikipiki kulitazama gari la mama, akalipiga teke mlangoni.

"Gari si chungu, Zaituni," alisema. "Chungu ungejua kinaungua."

Watoto wakampa jina, Mama Machicha, likamfuata kisimani, sokoni, mpaka misibani. Gari lilioza kando ya nyumba, kuku wakataga kwenye viti. Mama akawa anawakunia nazi wenye mikahawa. Nami nilimwona mjinga. Mwanamke anayeijua nazi mbovu kwa kuitikisa tu sikioni, vipi asijue giaboksi iliyozibwa mdomo? Nilikua na hasira hiyo, na si juu ya baba.

Basi juzi, karai likiwa mbele yetu, nikamuuliza alisikia nini siku ile alipoinama.

"Sikusikia kitu. Nilinusa," alisema. "Nazi nimeikuna mwenyewe, nisiijue?"

Nikamuuliza kwa nini basi alipokea. Alijifuta kidole kwenye kanga, taratibu, kila upande.

"Babako alitaka nikatae. Nguo zako alishazifunga, ziko nyuma ya pikipiki."

Mimi pikipiki niliiona siku ile. Niliona na furushi, nikadhani ni vyombo vyake vya kazi. Kumbe kila nilipousukuma ule mchanganyiko kwa kijiti nilikuwa najisukuma mwenyewe kwenda Nhica, na baba aliyajua hayo aliponiwekea kijiti mkononi akanisifu. Mama naye alikuwa ameona grisi chini ya kucha zangu, akajua nani alisokomeza, akakaa na aibu yake miaka yote bila kunitajia.

Nililia pale pale gereji, mtu mzima mimi. Mama alingoja nimalize, akamwambia fundi atie oili mpaka ianze kumwagika yenyewe.