Mapazia Manne ya Harusi ya Rashel

Nikinusa kitambaa kipya kilichopigwa pasi ya makaa, narudi mtaa wetu wa Katuba, enzi za Zaire, msimu ule mama alipopewa kazi ya harusi ya Kiyahudi. Mama alikuwa fundi cherehani, binti wa Waislamu wa Maniema, na sifa yake ndiyo iliyotulisha. Bi harusi aliitwa Rashel; bibi yake, aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kuuza vitambaa mjini, alimwagiza hema ya kitambaa cheupe juu ya miti minne, ambayo maharusi wangesimama chini yake. Kuuliza si ujinga, lakini mama hakuuliza. Kwetu bi harusi haachwi hadharani, hufichwa. Basi akaongeza mapazia manne yaliyotariziwa maua, moja kila upande. Wiki tatu cherehani ilinguruma, nami nikatamba shuleni kwamba Wazungu watashangaa.

Walishangaa kweli. Jumapili ile, saa moja kabla ya harusi, hema iliposimamishwa ndani ya sinagogi watu waliyakodolea macho yale mapazia. Kazi ikikataliwa siku ya harusi, nani angempa mama nyingine? Nilitamani ardhi inimeze. Bibi yake Rashel akapapasa yale maua, akatabasamu.

“Mama Zaina, kazi yako iko muzuri sana. Lakini hema ya Abrahamu haikukuwaka na rido, mapazia kama haya. Mugeni alikuwa anaingia pande yote.”

“Abrahamu? Ibrahimu wetu?”

“Ule ule.”

“Eh, kambo, bibi yetu! Basi, leta makasi.”

Mama akafumua mwenyewe, mshono baada ya mshono, machozi na kicheko pamoja. Hema ikawa wazi kwa wakati. Bwana harusi, kavaa abakosti, suti isiyofungwa tai, maana serikali ilikuwa imepiga tai marufuku, alivunja glasi kwa kisigino, kukumbuka Hekalu lao lililobomolewa hata katikati ya furaha. Mama akapiga vigelegele kuwashinda wote. Bibi akamtambulisha kwa kila mgeni, akamrudishia mapazia yake. Wateja waliongezeka.

Familia ya Rashel ilihama zamani. Mimi sasa naishi mtaa wa Makomeno, nyuma ya ukuta wenye vigae vya chupa na geti la chuma. Juzi binti yangu alipoolewa, niliyatoa yale mapazia sandukuni. Fundi aliyesimamisha hema uani akauliza ayafunge upande gani. Nikamwambia ayatandaze juu tu, kisha nikamwambia mlinzi aache geti wazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: waliingia hata majirani ambao kwa miaka tumesalimiana kwa honi tu. Mama, mzee sasa, alihesabu zile pande nne za hema zilizo wazi kwa kidole, akacheka.

“Leo hakuna kitu ya kufumua.”