Usukani Mpana wa Karani

Karani wa posta, jirani yetu wa mtaa wa Katuba, alikuwa na vidole vya wino na sauti ya kutangaza sheria hata alipoomba chumvi. Mwaka ule jimbo letu la Katanga lilipojifanya nchi, naye akajifanya mhandisi wa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mashindano. Kila Jumapili alipiga randa ubao wa usukani, akiupapasa kama shavu la mtoto, na bado ulibaki mpana kama mlango wa kabati. Nikamwambia ubao mdogo, mwembamba, hukata maji. Huo wake utamvuta nyuma. "Weye uko na haraka ya kwenda wapi?" akanijibu.

Siku ya mashindano ziwani tulimwacha mbali sana, tukacheka, mpaka mwenzetu André alipopinduka. Huyu alikuwa Muluba wa Kasai, kabila lililoitwa la wageni Katanga, na tangu siasa zianze karani hakumpa hata mkono. Sisi wenye kasi tulihitaji nusu ya ziwa ili kugeuka. Karani alikanyaga pedali moja tu ya usukani wake, kayaki ikazunguka palepale. Alifika wa mwisho, akimkokota André aliyekuwa akikohoa. "Shika muzuri," alikuwa akimwambia, "lakini usiguse usukani yangu."