Risasi ya Kabatini

Nyumbani kwetu Nabuyoga, kabati la vioo la sebuleni lilikuwa na vitu viwili tusivyoruhusiwa kugusa: picha ya harusi ya wazazi wangu na risasi ya baba. Ilikuwa risasi nyembamba, yenye ncha kali, haizidi urefu wa kidole cha mwisho. Baba alirudi nayo kutoka Iraki, alikokwenda kwa mkataba wa miaka miwili kwenye kambi ya jeshi, na alituapia kwamba baruti yake yote bado imo ndani. Mgeni akiketi karibu na kabati, baba alimwomba asogeze kiti, halafu akaanza kumsimulia vita. Vita hivyo vilikua kila mwaka. Nilipovisikia mara ya kwanza maadui walikuwa watatu. Nilipomaliza shule walikuwa hawahesabiki.

Jikoni hakuingia kamwe. Mama akiugua, tulikula ndizi mbivu mpaka apone, kwa sababu baba alisema askari hashiki mwiko.

Kisha nikapata mchumba ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, pale Busia, binti wa mwalimu mstaafu. Siku ya kwenda kujitambulisha kwao, mwalimu alituma ujumbe kwamba chakula ni saa saba, na wageni wakichelewa atajua wamemdharau na mazungumzo yataishia hapo. Tulitoka mapema: mama, baba ndani ya koti lake, mjomba ambaye ndiye msemaji wetu, na shangazi ndani ya gomesi mpya, lile gauni refu linalofungwa kwa mshipi mpana.

Mpakani tuliambiwa tutoe vitu vya mifukoni. Baba alitoa leso, na kutoka kwenye leso ikabingirika ile risasi. Alikuwa ameibeba ili wakwe waone wanaungana na ukoo wa namna gani.

Afisa wa zamu, mwanamke wa makamo, aliiokota kwa vidole viwili.

"Mzee, hii ni risasi," alisema. "Ukipatikana nayo bila kibali, unalala ndani."

Alituketisha kwenye benchi na kumwuliza baba kama ni nzima au ni pambo tu. Kama ni nzima, ilibidi amwite mkubwa wake. Swali lilikuwa jepesi, hata mtoto angelijibu. Baba alimtazama mama, akamtazama mjomba, akanitazama mimi, kisha akaanza kuikunja leso yake. Mjomba alimbembeleza, shangazi akaanza kusali kwa sauti. Simu yangu ikalia: mchumba wangu alisema meza imeshaandaliwa na babake ameangalia saa mara mbili. Nilimdanganya kwamba ni foleni ya malori. Nakiri, kwa dakika kumi nilimchukia baba yangu. Mtu mzima alikuwa tayari kulala rumande na kuninyima mke, mradi tu risasi yake ibaki na baruti.

Afisa aliigeuzageuza.

"Mimi nazijua hizi. Ni za zile bunduki fupi za kujilinda. Hawapewi wa mstari wa mbele. Wanapewa madereva, makarani, wapishi." Akamtazama baba. "Wewe ulikuwa nani huko?"

Baba alimwomba shangazi pini. Shangazi akachomoa moja kwenye mshipi wa gomesi, akabaki ameushikilia mshipi kwa mikono miwili. Baba akakwangua ubavuni mwa risasi, nta ya mshumaa ikamomonyoka, na pakatokea tundu lililotobolewa. Akaigongagonga juu ya meza. Hakikutoka kitu.

"Ni kitu ya ukumbusho tu, afande," alisema. "Mpishi mwenzangu alinipa siku nakuja nyumbani. Yeye alikuwa na bunduki, anaiweka pale kwa gunia ya vitunguu. Mimi nilikuwa na mwiko."

Hakuna aliyecheka. Afisa alisema risasi itabaki pale na sisi twende. Kisha akamwuliza baba wali wa watu mia tatu unapikwaje bila kuungua. Baba alimweleza mpaka mjomba akamvuta mkono, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza chumvi.

Tulimkuta mwalimu bado ameketi, ingawa amenuna. Mjomba alisimama kututambulisha, akaanza kwa mazoea kwamba baba wa kijana alipigana vita. Baba akamvuta koti.

"Nilikuwa mpishi," alisema.

Mwalimu alimwuliza basi anauonaje wali wa pale. Baba akaonja, akasema chumvi ilichelewa. Nilifumba macho. Mwalimu akacheka hadi akavua miwani, akasema maneno hayo ameyameza tangu aoe. Binti tukapewa.

Mama ndiye hakucheka. Safari nzima ya kurudi alitazama dirishani. Asubuhi yake jua lilipanda na yeye bado kitandani, macho wazi, mikono juu ya blanketi. Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, anamsubiri mpishi.

Nilimkuta baba jikoni, sufuria mkononi, maji yakichemka, akizungusha macho kwenye rafu. Aliniuliza kwa sauti ya chini sukari huwa inakaa wapi. Nyumba ile aliijenga yeye mwenyewe.