Doa Jeupe Kinywani mwa Munyiva

Munyiva alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mkulima wa kunde na pojo nje kidogo ya Wamunyu, na tangu usichana wake hakuwahi kumaliza siku bila ugoro. Nyanya yake ndiye aliyempa wa kwanza, jino lilipomuuma, akamwonyesha jinsi ya kuubana kati ya ufizi na mdomo wa chini. Jino likapoa, ugoro ukabaki. Alilima nao, akaenda nao kanisani, akazaa nao watoto. Sigara hakuigusa kamwe. Aliwaona wachongaji wa vinyago wakivuta na kukohoa, akawahurumia.

Mwaka ule mvua za Machi zilipochelewa, ulimi wake ulianza kukuta kitu. Mahali pale pale anapouweka ugoro, ngozi ilikuwa imekakamaa kama ukoko wa ugali. Haikuuma, ila chai ya moto ilimchoma. Akaanza kuacha chai ipoe kwanza. Hakumwambia mtu, kwa sababu kitu kama hicho alikuwa amekiona. Dada yake Kasyoki alianza vivyo hivyo. Mwisho wake Kasyoki alinyweshwa uji kwa kijiko, nusu yake ikitokea kwenye tundu la shavu, na wajukuu walikataa kuingia chumbani kwa sababu ya harufu. Munyiva ndiye aliyemwosha uso mpaka siku alipofariki.

Jumapili moja baada ya ibada, waumini waliombwa wabaki kidogo. Mkwe wa Munyiva, Mutuku, mume wa binti yake Ndinda, alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, na siku hiyo alikuja na mkoba wenye mashine za kupima presha na sukari. Munyiva alisogea viti vya nyuma. Mama mkwe na mkwe wa kiume kwa Wakamba wana heshima yao inayoitwa nthoni: hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Vijana wameilegeza, lakini Munyiva aliishika.

Mutuku alieleza juu ya chumvi na presha, kisha akafika kwenye tumbaku. Alisema haiwadhuru wavutaji peke yao. Ile ya kunusa na ya kuweka mdomoni nayo huleta saratani. Mzee mmoja aitwaye Musau akasema babu yake alitumia ugoro mpaka akasahau umri wake, na watu wakacheka. Mutuku hakubishana naye. Alipitisha picha. Ilipomfikia Munyiva, aliona mdomo wa chini uliovutwa, na ndani yake doa jeupe lenye mikunjo. Akampa jirani ile picha, akatoka kama mtu anayekwenda msalani, akashika njia ya nyumbani bila kupimwa.

Tangu hapo hofu haikumwacha. Alijifungia mchana, akajitazama kwenye kioo, kisha akakigeuza kioo kielekee ukutani. Ugoro akauongeza, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumtuliza. Akiuweka anaogopa, akiogopa anauweka tena. Mutuku alipokuwa akizungukia nyumba za kijiji, kwa mama mkwe wake alimtuma mwenzake, Peris. Munyiva alipimwa presha, ikapatikana iko juu. Alipoulizwa kama ana shida nyingine, alijibu hana, mdomo wake ukiwa umefunguka nusu tu.

Kisha asubuhi moja alitema mate akaona damu.

Alisimama uani muda mrefu. Wazo la kwanza lilikuwa kumwita Ndinda, lakini Ndinda angelia, na Munyiva hakuwa na nguvu za kusikia kilio. Akajifunga leso, akatembea hadi kwa mkwewe. Ndinda alikuwa ameenda sokoni. Mutuku alikuwa akitengeneza banda la kuku, na alipomwona mama mkwe wake akivuka uwanja, alianza kujitenga ili ampishe.

"Usinikimbie, Baba Wendy," Munyiva alisema, akimwita kwa jina la mjukuu wake. "Niko na kitu mdomoni."

Mutuku alimletea kiti. Munyiva akaketi, akafumba macho, akauvuta mdomo kwa vidole vyake mwenyewe ili mkwewe asilazimike kumgusa. Alimsikia akisogea, akiwasha tochi ya simu, kisha hakusikia pumzi yake tena. Alipofumbua macho, mwanga ulikuwa ukitetemeka. Ndipo akajua kwamba hata yeye anaogopa.

"Ni kama ya Kasyoki?"

"Sijui, mama. Mimi si daktari, na siwezi kukudanganya. Kesho tunaenda Machakos, na Ndinda pia."

"Na wakiniambia ni hiyo?"

"Basi watakuwa wameijua mapema. Kasyoki alipelekwa akiwa hawezi kumeza."

Huko hospitalini daktari alikata kipande kidogo cha ngozi ili kikapimwe, akamkataza ugoro kabisa, akamwambia arudi kuchukua majibu. Kungoja ndiko kulikomwumiza zaidi. Ndinda alihamia kwake na kukificha kikopo cha ugoro. Bila ugoro, kichwa kilimgonga Munyiva, akamtukana binti yake, kisha akamwomba msamaha. Siku moja, wakichambua kunde, alimwambia nguo ambayo angependa azikwe nayo. Ndinda aliendelea kuchambua bila kuinua uso.

Majibu yalipotoka, daktari alisema si saratani, lakini ngozi ile ilikuwa imeanza kuharibika na kama ingeachwa ingeweza kugeuka kuwa saratani. Ilibidi ikatwe. Munyiva alilisikia lile "lakini" zaidi ya maneno mengine yote. Akamwomba Mutuku arudie maneno hayo kwa Kikamba, naye akayarudia polepole, macho yakiwa sakafuni kwa heshima.

Doa likakatwa, jeraha likapona. Ugoro haukuachika kirahisi. Kwenye matanga ya jirani alichukua ugoro kidogo kwa mwanamke aliyeketi naye, akauweka, kisha woga ukamshika hata akaenda nyuma ya nyumba kusukutua maji mpaka ufizi ukauma. Baadaye alimwambia mwanamke yule kilichompata. Wiki iliyofuata mwanamke huyo akaenda mwenyewe kwa Peris.

Munyiva sasa anameza dawa za presha na kurudi Machakos kila anapoitwa. Inapokaribia tarehe, chakula humshinda. Mara ya mwisho daktari alimulika, akapapasa kwa kidole, akasema pako safi. Ndinda alishusha pumzi na kuanza kukusanya mikoba. Munyiva hakuinuka. Alimwomba daktari aangalie tena, na upande wa pili pia, na daktari akavuta kiti chake karibu, akawasha taa.